Mgeni Asiyeweza Kukataa: Niliyowaambia Wazazi Kuhusu Keki za Darasani

Hotuba hii niliitoa Jumamosi asubuhi kwenye mkutano wa wazazi na walimu wa shule moja ya msingi hapa mjini Lamu. Baadhi ya wazazi hawakuwahi boti, wakaniomba niwaandikie. Nimeiandika kama nilivyoisema, ila nimepunguza pale niliporudia maneno.

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Na kwenu nyote, habari za asubuhi.

Bwana mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, mama zangu, baba zangu, na bibi na babu mliokuja kwa niaba ya wana wenu walioko kazini Mombasa na kwengineko, nawashukuru kwa kuitikia wito. Jua limeshaanza kupanda, na najua wapo walioacha mikate jikoni, kwa hivyo naingia moja kwa moja.

Bodi imependekeza kanuni mpya. Kuanzia muhula ujao, mzazi asilete chakula darasani kwa ajili ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe. Isiwe keki, isiwe soda, isiwe pipi, isiwe hata sahani ya visheti. Tangu karatasi ile itoke, nimesimamishwa njiani Langoni na Mkomani mara nyingi, na swali ni moja: "Mwalimu, keki imewakosea nini?" Mimi nafundisha Gredi ya Tatu, na mimi ni mama. Nimeomba kulijibu swali hilo mbele yenu kwa sababu naiunga mkono kanuni hii, na nataka sababu zangu mzisikie kutoka kinywani mwangu.

Nianze na sinia.

Mfungo Sita ukifika, wageni wakafurika hapa mjini kwa Maulidi, tunakaa chini kwenye majamvi, watu wanne au watano kwa sinia moja la pilau. Anayekula hajui mchele umenunuliwa na nani wala mbuzi katoka zizi gani. Asiyekula nyama anakula wali wa upande wake, na hakuna anayemwuliza. Aliyeshiba anasema Alhamdulillah, ananawa, anaondoka. Huo ndio ukarimu tuliolelewa nao. Aliyetoa hajulikani, na aliyealikwa yuko huru.

Sasa itazameni keki ya darasani. Inaingia saa nne asubuhi mikononi mwa mama yake fulani, na jina la fulani limeandikwa juu yake kwa krimu. Watoto 48 wameketi. Hakuna aliyealikwa, wamekuja kusoma. Hakuna anayeweza kutoka, mlango nimeushika mimi. Na mtoto wa miaka minane hawezi kusema "ahsante, sitaki" huku wenzake 47 wanamtazama, na mwalimu wake mwenyewe ndiye anayemkabidhi kipande. Mgeni wa namna hiyo, asiyeweza kukataa wala kuondoka, hatuna katika karamu zetu. Tukimlisha, dhamana yote iko shingoni mwetu. Maneno yangu yote ya leo yanatoka hapo.

Nitawasimulia jambo la nyumbani kwangu. Miaka sita iliyopita binti yangu alikuwa na miaka saba, akisoma shule nyengine, si hii. Siku moja mwenzake aliletewa keki. Ilikuwa nyeupe, ya vanila, hakuna aliyeitilia shaka. Lakini katikati, baina ya tabaka na tabaka, mpishi alipaka siagi ya njugu karanga. Sisi nyumbani tulijua kwamba njugu humtoa vipele. Tulidhani ni vipele tu, tukamzuilia kashata, tukaona yameisha. Hatukumwandikia mwalimu chochote. Mtoto akamega keki mara mbili. Kabla ya kengele ya mapumziko midomo ilikuwa imevimba, akaanza kukohoa kikohozi cha kukwama, kisha akatapika. Mwalimu wake alidhani kaumwa na nyuki, akampa maji. Walimu wawili wakambeba mbio mpaka zahanati, na Mwenyezi Mungu akatuhurumia: muuguzi alimtazama mara moja, akamchoma sindano ya adrenalini pajani. Nilipofika alikuwa anapumua. Nilikaa sakafuni, nikaishika miguu yake, sikuweza kusema neno.

Simlaumu mama aliyeleta keki. Alikuwa na furaha ya mwanawe, kama ninavyokuwa mimi na furaha ya wangu. Tumekuwa kama ndugu tangu siku ile, na kila Idi hutuletea sahani, na juu ya kila sahani huweka kikaratasi cha vitu alivyotia. Simlaumu mwalimu pia. Siku ile kila mtu alifanya jambo la kawaida, la upendo, na mtoto akakaribia kufa.

Mzio, ambao wengi wetu tunauita aleji, ni mwili kukosea adui. Kinga iliyoumbwa ipigane na maradhi inaiona protini ya chakula kama sumu, inaamka kwa vita, na vita hivyo ndivyo vinavyofunga koo na kushusha presha ya damu. Vyakula vinavyoongoza kwa balaa hili vinajulikana: njugu, korosho na lozi na jamii yake, mayai, maziwa, ngano, soya, samaki, kamba na kaa, na simsim. Hebu isikilizeni orodha hiyo kwa masikio ya mtu wa Lamu. Korosho na simsim ni mazao ya kaunti yetu. Samaki na kamba ndiyo riziki yetu. Halua hutiwa lozi au korosho, mkate wa sinia hutiwa ute wa yai, na mkate wa mayai jina lake lishasema. Vyakula hivi ni fahari yetu na mimi mwenyewe navipika. Lakini hakuna sahani tunayoweza kuipeleka mbele ya watoto 48 tukaapa kwamba haina neno kwa yeyote kati yao, kama hatukuuliza kwanza.

Na yako mambo yanayosemwa mitaani ambayo lazima niyakatae hapa, maana yanaua. Husemwa, mpe kidogo azoee. Kwa mtoto ambaye mzio wake umeshakuwa mkali, kidogo hicho kinatosha kumlaza. Husemwa, njugu zikikaangwa nguvu zake zinaisha. Haziishi. Husemwa, mnyweshe maziwa. Maziwa hayafungui koo lililofunga. Dawa ya kwanza ya mzio mkali ni adrenalini, na inapigana na dakika, si na saa. Hata kunawa kuna elimu yake: sabuni na maji huondoa mabaki ya njugu mikononi, sanitaiza haiyaondoi, kwa hivyo mtoto aliyekula njugu akapaka sanitaiza bado anaweza kumdhuru jirani yake wa dawati. Na sisi dakika zetu ni ghali kuliko za mtu wa Nairobi. Vichochoro vyetu havipitishi gari. Mgonjwa wa hapa hubebwa mikononi au kwenye mkokoteni, na aliye Kipungani au Matondoni hungoja boti.

Hapa nitoke njiani kidogo, kwa sababu naona mama kadhaa wamepakata watoto wachanga. Msitoke hapa mkaenda kumnyima mtoto mchanga njugu kwa hofu niliyowatia. Utafiti mkubwa uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kinyume chake. Watoto wachanga waliokuwa katika hatari ya mzio, wakalishwa njugu mapema, walipata mzio wa njugu kwa uchache mno kuliko waliozuiliwa. Zisagwe laini, zichanganywe na uji. Mtoto mwenye ukurutu mkali au mwenye mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza. Na njugu nzima msimpe mtoto wa chini ya miaka mitano, zitamkwama. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi na pipi za mviringo tunazogawa kwa watoto wa PP1, darasa la chekechea. Mtoto wa miaka minne anacheka, anakimbia, na pipi iko mdomoni.

Narudi. Yupo pia mtoto mwenye kisukari cha utotoni, ambaye katika shule yoyote huenda akawepo bila sisi kujua. Wengi hudhani mtoto huyo haruhusiwi kabisa kugusa keki. Anaruhusiwa. Lakini wazee wake lazima wajue mapema ni saa ngapi na kipande kikubwa kiasi gani, ili insulini iende sawa na alichokula. Keki ya ghafla saa nne inamvurugia hesabu, naye mtoto anaona haya kusema.

Kuhusu sukari sitawachosha, mmeshasikia mengi. Nitawapa hesabu moja tu. Darasa langu lina watoto 48, na mwaka wa shule una wiki chini ya arubaini. Kila mtoto akiletewa, inakuwa zaidi ya sherehe moja kwa wiki, mwaka mzima. Chupa ya soda ya mililita 300 ina sukari zaidi ya gramu 30, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake mwaka 2015 lilisema ingependeza sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima. Kwa hivyo chupa ile peke yake imeshampitisha mtu mzima, sembuse mtoto wa miaka minane. Na meno hayahesabu gramu, yanahesabu mara: kila sukari inapoingia, vijidudu vya mdomoni hutengeneza asidi upya. Halafu kuna wakati. Somo la gredi za chini ni dakika 30. Sherehe 48 zikila somo moja moja, ni saa 24 za masomo. Mtoto anayesoma kwa kusitasita anazihitaji saa hizo.

Nimesikia mzazi akisema, mbona watoto wananunua mabuyu na barafu na viazi karai nje ya lango kila siku, na hamsemi? Swali hilo ni la haki. Silikwepi, na siku moja bodi italazimika kulikalia. Lakini iko tofauti. Mtoto mwenye mzio akisimama mbele ya meza ya bibi anayeuza, anachagua mwenyewe, na anaweza kupita bila kununua. Kile kinachotoka mkononi mwa mwalimu, ndani ya darasa, mtoto anakila kwa sababu amefundishwa kumwamini mwalimu.

Sasa nataka nizungumzie jambo ambalo kwangu ni zito kama mzio, na halina sindano.

Mwaka jana, katika miezi ya kusi, mtoto mmoja wa darasa langu hakuja shule siku ya Jumanne. Sikumtilia maanani, watoto huugua. Jumatano akaja. Nikamwuliza alikuwa na nini, akasema tumbo. Mwenzake akadakia: "Mwalimu, jana ilikuwa bethidei yake, tulimwambia alete keki." Mtoto akainamisha kichwa. Baba yake ni mvuvi. Mnajua kusi ilivyo. Bahari imechafuka, mashua ziko mchangani, na aliyekwenda nje anarudi na samaki wa kula nyumbani tu. Keki ndogo ya kuagiza, na nauli yake ya boti, ni chakula cha siku nyingi nyumbani kwao. Mtoto yule aliijua hali ya baba yake vizuri kuliko sisi walimu wake. Hakumwomba keki. Alichagua kuumwa tumbo.

Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari langu la mahudhurio, nikakaa nalo mpaka usiku. Niliangalia tarehe za kuzaliwa na siku walizokosa. Sitawaambia niliyoyaona kwa majina. Nitawaambia kwamba yule hakuwa peke yake. Na nikaona jambo jengine. Watoto waliozaliwa wakati wa kaskazi, bahari ikiwa shwari na wageni wa hoteli wamejaa Shela, waliletewa. Waliozaliwa kusi, wengi wao hawakuletewa. Sisi tulioruhusu keki bila kufikiri tumewagawa watoto kwa pepo walizozaliwa nazo.

Nawasikia mnaosema, basi mwenye uwezo alete na asiye na uwezo asilete, maisha ndivyo yalivyo. Maisha ndivyo yalivyo nje ya lango. Ndiyo maana tuliwashonea sare. Mtoto wa mwenye hoteli na mtoto wa mpiga makasia wanavaa shati moja, wanakaa dawati moja, ili kwa saa chache za siku asiwepo wa kujua nani ana nini. Tumewavisha sare, kisha tukaleta keki yenye jina.

Tena tarehe zenyewe. Mzee mmoja wa hapa aliniambia yeye huhesabu umri wa wajukuu wake kwa miezi ya Kiislamu, na siku ya mtoto huhama kwenye kalenda ya ukutani kwa kama siku 11 kila mwaka. Wako watoto waliozaliwa visiwani, cheti kikatafutwa baadaye, tarehe ikaandikwa ya kukisia. Wako ambao nyumbani kwao siku ya kuzaliwa haiadhimishwi kwa sababu ya dini, Waislamu na Wakristo pia, na sitaki kuingia kati ya mzazi na imani yake. Wazee wetu walikuwa na siku zao za mtoto: akika siku ya saba, kutolewa nje siku ya arubaini, siku ya kuhitimu Kurani chuoni. Kila nyumba ina haki ya siku zake. Darasa lina watoto wa nyumba zote.

Na Ramadhani? Miaka hii imekuwa ikiangukia muhula wa kwanza. Watoto wa Gredi ya Tatu ndio wanaojifunza kufunga, huyu nusu siku, huyu mpaka alasiri, na wanajivuna nayo. Keki ikiingia siku hiyo nimfanyeje mtoto aliyefunga? Nimtoe nje? Nimwekee kipande chake mpaka magharibi kwenye joto hili? Chakula kilichopikwa hakifai kukaa nje ya friji zaidi ya muda wa saa mbili, na keki za krimu ya maziwa zinazotoka Mokowe kwa boti zimeshaanza kuula muda huo kabla hazijafika kwangu.

Jambo hili halikuanza na sisi, na wenzetu wa mbali hawajakubaliana juu yake. Marekani, katika jimbo la Texas, kanuni za vyakula shuleni zilipokazwa wazazi walilalamika sana, na mwaka 2005 bunge la jimbo likapitisha sheria kwamba shule isimzuie mzazi wala bibi au babu kuleta darasani chakula atakacho siku ya kuzaliwa ya mtoto. Huko huko Marekani shule nyengine nyingi zimekwenda njia nyengine: chakula hapana, penseli au kitabu ndiyo. Uingereza kanuni za chakula cha shule za mwaka 2015 zinakataza pipi na kubana vya kukaanga, lakini chakula kinacholetwa na wazazi mara moja moja zimekiacha nje, shule iamue. Nimeyataja haya ili asije mtu akatuambia kwamba dunia nzima inafanya hivi au vile. Kwetu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imeipa bodi ya shule jukumu la kuangalia ustawi na usalama wa wanafunzi. Uamuzi ni wetu, tuliokaa kwenye viti hivi.

Sasa nimjibu mama mmoja. Sitamtaja, ila yupo hapa na ameniruhusu. Alinijia wiki iliyopita, akaniambia: "Mwalimu, mwanangu hana baba. Mwaka mzima naosha nguo za watu. Siku ile moja naweka akiba, naleta keki, na mwanangu anasimama mbele ya wenzake na yeye ni mtu. Mnataka kuniondolea hiyo?"

Sikumjibu siku ile. Nilikwenda nikafikiri. Kwa sababu maneno yake ni ya kweli, na kanuni isiyoweza kusimama mbele ya mama huyu haifai kupitishwa. Nilichokiona ni hiki. Alichokuwa anakinunua kwa akiba yake ya mwaka si unga na sukari. Alikuwa ananunua dakika kumi za mwanawe kusimama mbele na kuonwa. Dakika hizo sisi walimu tunazo, na hatukuwa na sababu ya kumuuzia. Tungempa bure tangu zamani.

Kwa hivyo ombi langu kwa bodi ni kwamba kanuni isiishie kwenye neno "marufuku". Muhula huu nimejaribu kitu darasani kwangu, kwa idhini ya mwalimu mkuu. Mtoto akifikia siku yake, anakaa kwenye kiti changu. Anavaa taji la ukili lililosukwa na wenzake, lile lile moja, linapita kwa kila mtoto. Kisha mtu wa nyumbani kwake, akiweza kuja, anakaa kando yake anasimulia siku ile aliyozaliwa: ilikuwa saa ngapi, upepo gani, nani alimpokea, na jina alipewa na nani na kwa nini.

Alikuja bibi mmoja wa kutoka Pate. Akawaambia watoto kwamba mjukuu wake huyu mama yake aliposhikwa na uchungu walimtia botini usiku kumleta hospitali, na walipofika kwenye mlango wa bahari wa Mkanda maji yalikuwa yamekupwa, boti ikakaa kwenye mchanga. Hapa kushoto Manda, kule kulia bara, na maji hayapo. Wakangoja maji yajae. Nahodha akawa anapima kina kwa upondo na kusoma Yasin kwa sauti. Maji yakaja, boti ikaelea, na mtoto akazaliwa alfajiri, taa za mji wetu wa Amu, yaani Lamu, zikionekana. Wallahi watoto 48 hawakutikisika. Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kuliona darasa limenyamaza vile bila kuambiwa. Mtoto yule wenzake wanamwita Nahodha mpaka leo, na yeye, ambaye alikuwa hafungui mdomo, sasa anainua mkono.

Naomba hilo liandikwe kwenye kanuni. Ambaye hana wa kuja, nitasimulia mimi, baada ya kuwauliza wazee wake. Ambaye cheti chake kina tarehe ya kukisia, atachagua siku yake. Ambaye nyumbani kwao hawaadhimishi, hatapewa kiti wala taji kwa lazima, ila akitaka tumsikie hadithi ya jina lake siku yoyote, milango iko wazi.

Na ulaji hatukuukataa kabisa. Alhamisi ya mwisho ya kila mwezi tule pamoja, sinia moja moja, matunda ya msimu: embe zikiwepo embe, tikiti, ndizi, papai, machungwa. Wazazi wachangie kwenye bahasha isiyo na jina, aliye na kumi na aliye na mia. Yaoshwe na kukatwa hapa hapa shuleni, asubuhi ile ile. Hata matunda yana watu wake wasioyaweza, kwa hivyo kila mzazi atapewa fomu ya kuandika vyakula vinavyomdhuru mwanawe na nini kifanywe akidhurika. Fomu hiyo ndiyo naiona muhimu kuliko kanuni yote. Mimi sikuijaza ya binti yangu, kwa sababu hakuna aliyeniletea, na kwa sababu sikujua kwamba lilikuwa jambo la kusema.

Mapulizo na vipande vya karatasi za kumetameta, naomba navyo vibaki nyumbani. Watoto wetu wameiona ile mashua ya Flipflopi, iliyoundwa hapa kwetu kwa plastiki na ndara zilizookotwa ufukweni na kushushwa majini mwaka 2018. Tumewapeleka kuitazama. Hatuwezi kuwapeleka Jumatatu wakaitazame, kisha Jumanne tukatupa mapulizo upande wa bahari.

Mzazi anayetaka kumfanyia mwanawe keki nyumbani, alasiri, aalike anaowataka, hilo ni lake na ni heri. Nikialikwa nitakuja. Aliyealikwa nyumbani anaweza kuuliza kilichomo, na anaweza kusema nimeshiba.

Fomu ziko kwa katibu, pale karibu na mlango, za Kiswahili, upande mmoja tu. Asiyeandika atasaidiwa na mwalimu wa Gredi ya Kwanza, amekaa na kalamu. Naomba mtu asitoke kabla hajachukua.

Mama niliyemtaja, mwanawe anatimiza miaka tisa Jumatano ijayo. Jana jioni alipita kwangu akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ni lazima hadithi iwe ndefu, na kama anaweza kumtaja baba yake mtoto, kwamba ndiye aliyemwadhinia sikioni. Nikamwambia aje saa nne, na ataje amtakaye. Kiti kimeshawekwa.

Wassalamu alaikum.